Maji Tele

Huku kwetu mlimani hatusalimiani kwa habari za asubuhi. Ukikutana na mtu njiani, unayemjua au usiyemjua, unamuuliza, "Una maji?" Naye anajibu, "Tele." Basi, kila mmoja anashika njia yake. Anayeshuka humpisha anayepanda, na aliyejibu tele haulizwi mara ya pili, kwa sababu kumuuliza tena ni kumwita mwongo machoni pake. Nimezaliwa Tucson, Arizona, chini kabisa ya milima hii mikavu, na sijawahi kumsikia mtu akijibu vingine. Hata wale wanaokuja kuteremshwa kwa helikopta, wamezirai, huwa wameshawaambia tele wote waliopishana nao.

Curtis Halvorsen alijifunza hayo kutoka kwangu. Alikuja huku kutoka kaskazini, kwenye nchi ya maziwa na theluji, ambako aliuza mashua mpaka akastaafu. Muuza mashua, jangwani! Akanunua nyumba ya mwisho mtaani kwetu, ile inayopakana na mlima. Mwaka wa kwanza tulielewana. Nilimpelekea chapati za maharage, nikamwonyesha kwamba miiba ya ile mipungate mifupi ya jangwani hutolewa kwa kitana, si kwa vidole, nikamfundisha kuuliza na kujibu habari ya maji. Njia ya kupandia mlima ilipita pembeni mwa uwanja wake, kama ilivyopita tangu baba yangu aliponibeba mabegani kunipeleka juu kutazama taa za mji. Mwaka wa pili Halvorsen akaiwekea geti la chuma.

Sababu anazo, sitamsingizia. Watu walikuwa wakikojoa ukutani kwake, na vijana waliacha makopo ya bia chini ya dirisha lake. Lakini kufuli ni kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba, na sisi wengine tukabaki kuzunguka kwa chini, kwenye korongo la mchanga, ambako hakuna kivuli hata cha kumtosha mjusi. Goti langu la kulia halitaki mchanga. Nilimfuata mlangoni kwake nikamweleza hayo yote, naye akanisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Bi Bejarano, wewe ni jirani. Siku yoyote ukiniomba, nitakufungulia. Omba tu."

Nimwombe! Nimwombe njia niliyoipita kabla yeye hajajua kama kuna nchi inaitwa Arizona! Nilikwenda dukani nikanunua mkasi wa kukatia chuma, nikaikata ile kufuli mchana kweupe, huku nikiimba. Akaita polisi. Tukatukanana pale getini mpaka polisi mwenyewe akaomba maji ya kunywa. Kesho yake kulikuwa na kufuli nyingine, nene kuliko ya kwanza, na kamera juu yake. Tangu siku hiyo hatukusemezana, ila mlimani, ambako mtu hata awe adui yako lazima umuulize maji.

Jumamosi moja ya Juni, mvua za Julai bado ziko mbali, nilipanda alfajiri kwa kupitia korongoni, nikafika juu, nikakaa kidogo nikiutazama mji, nikaanza kushuka. Juni kwetu mwenye akili anakuwa ameshafika nyumbani kabla mawe hayajashika moto. Nilikuwa nimefika nusu ya mteremko nilipomwona Halvorsen anapanda, uso mwekundu, kofia imekaa upande.

"Umechelewa kupanda," nikamwambia.

"Mlima haufungwi."

"Bado hujauwekea kufuli."

Hakucheka. Nikasogea kumpisha. "Una maji?" nikauliza, kama mtu anayetema mbegu.

"Tele," akasema, akapita.

Chupa ilikuwa inaning'inia kiunoni mwake, na kila alipopiga hatua ilikuwa inarukaruka. Chupa yenye maji hairuki hivyo. Hutulia, ikakugonga paja kwa uzito wake. Hilo niliona. Kasema tele, basi ni tele. Mimi nani nimpekue mtu mzima?

Nikaendelea kushuka, na moyoni nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilijisemea kwamba mlima utamfunza adabu. Kisha nikaanza kuyaona yatakayofuata: helikopta, majirani wamesimama barabarani, na Bi Yarbrough wa ng'ambo ya barabara akilia na kusema alikuwa mtu mwema sana yule, na kwamba mtu wa mwisho kumwona alikuwa Socorro Bejarano, yule aliyegombana naye. Nami nisimame pale, na ule mkasi uko nyumbani kwangu, niseme nini? Nilimlaani Halvorsen, nikayalaani maziwa ya kwao na samaki waliomo, nikageuka kupanda tena.

Nilimkuta hakufika mbali. Alikuwa amekaa chini ya kijiti chenye gome la kijani kisicho na majani ya kumfunika hata bega, miguu ameinyoosha kama mtoto. Uso ulikuwa mkavu. Jua lile, na hana hata tone la jasho.

"Una maji?" nikamuuliza.

"Tele." Ulimi ulikuwa mzito, neno likatoka limevimba.

Nikainama, nikaichomoa chupa yake kiunoni, nikaigeuza juu chini mbele ya pua yake. Halikutoka hata tone. "Hii ndiyo tele?"

"Hayakuhusu," akasema. "Na umeniuliza mara mbili. Ulinifundisha mwenyewe, hatuulizi mara mbili."

"Nilikufundisha pia usipande saa hizi. Hilo limekutoka kichwani?"

Nilitoa chupa yangu, nikaifungua, nikamsogezea. Akageuza uso pembeni. Mtu anakufa, anageuza uso!

"Najua unachotaka," akasema. "Unataka geti."

"Ndiyo, nataka geti. Kunywa."

"Ninywe, halafu uniambie nakudai. Hapana... uniambie unanidai."

"Hujui hata nani anamdai nani. Kichwa kimeshaanza kuchemka. Kunywa, mzee, kabla sijakumwagia."

"Mwaga."

Nikamwagia. Kidogo tu, shingoni, kisha kofiani. Akashtuka, akavuta pumzi, na mkono wake ukainyakua chupa kabla yeye mwenyewe hajaamua. Akanywa. Nikamwambia taratibu, nikamwambia niachie kidogo, nikamshika mkono, lakini alikuwa amefumba macho na koo linapanda na kushuka. Alipoirudisha ilikuwa nyepesi kama ile yake.

Tukakaa pale mpaka akili ikamrudia. Akaitazama chupa yangu, akanitazama mimi. Nilidhani atasema asante. "Sikukuomba," akasema.

"Hukuomba," nikamjibu. "Hilo nimeliona. Simama."

Tulishuka polepole, yeye mbele, mimi nyuma ili akianguka nimwone. Mawe yalikuwa yanatoa joto kama tanuri iliyofunguliwa mlango. Penye mteremko mkali alinyoosha mkono nyuma akanishika bega bila kuniangalia, na aliposimama vizuri aliuondoa mkono upesi. Tukiwa tumekaribia chini mate yangu yalikwisha, midomo ikaanza kushikana, na kichwa kikawa kinanigonga juu ya jicho. Mji ulikuwa pale chini, bwawa la kuogelea la Halvorsen linang'aa, na nyumba yangu ya tatu kutoka kwake. Kupitia getini ni mwendo wa kumalizia wimbo mmoja. Kuzunguka korongoni, na lile jua, na lile goti, ni safari nyingine kabisa.

Tukafika getini. Akavuta kamba shingoni, akafungua kufuli, akaingia. Akageuka. Geti lilikuwa wazi nusu, mkono wake juu ya chuma, na nyuma yake niliona bomba la bustani limezungushwa ukutani, linadondosha.

Nilisimama. Nilikuwa nangoja aseme pita. Neno moja tu. Mtu niliyemnyanyua chini, aliyemaliza maji yangu mpaka tone la mwisho, haoni hata haya?

Alinitazama sana midomo. Alijua hali ya chupa yangu kuliko mtu yeyote duniani. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, ila kama nilivyomfundisha mwaka ule wa kwanza tulipokuwa tunakula chapati mezani kwake.

"Una maji?"

Nilimwelewa. Hakuwa na kejeli. Kwake hiyo ilikuwa njia ya kunifungulia bila mimi kusema naomba, na bila yeye kusema pita. Yote mawili kwa mpigo. Nilichotakiwa kusema ni sina. Hapo ningepita, ningekunywa pale bombani, ningeketi kwenye kivuli cha ukuta wake, na pengine Jumamosi iliyofuata ningelikuta geti liko wazi. Nililijua neno. Nililisikia linapanda kooni, kavu kama unga.

"Tele," nikasema.

Akangoja. Niliona kifua chake kinajaa pumzi, kana kwamba anataka kuuliza tena. Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, yule muuza mashua. Hatuulizi mara mbili.

"Haya," akasema, akafunga.

Nilizunguka kwa korongo. Mahali pengine nilitembea, mahali pengine nilikwenda kwa mikono na magoti, na mchanga ulinichoma viganja. Nilipofika kwa Bi Yarbrough nilifungua bomba lake la nje nikanywa bila kungoja yapoe, na Juni maji ya bomba la nje kwetu yanafaa kukorogea chai. Midomo ilivimba wiki nzima.

Geti bado limefungwa. Tukipishana mlimani tunaulizana na kujibiana kama kawaida, na kila mmoja anaangalia kiuno cha mwenzake kuona chupa inarukaje. Na lile neno si gumu. Nimelijaribu jikoni, nikiwa peke yangu, nimesimama mbele ya friji. Sina. Linatoka vizuri kabisa.