Onyo la Marehemu

Saa tisa alasiri simu ya Honorata iliita, naye akaipokea upesi kama aliyeikalia mkao wa kula. "Wavuvi wenzangu wa Bangwe," ilisema sauti ya mumewe, "jioni upepo utakuwa mkali. Msiingie ziwani."

Mumewe huyo, Telesphory, alikuwa na miezi saba kaburini.

Mradi wa hali ya hewa ulimrekodi akiwa mzima, maana wavuvi walimwamini. Mtambo ukibashiri upepo, wenyewe humpigia kila mvuvi na kumsikilizisha sauti hiyo. Honorata hana mtumbwi wala wavu, ila namba yake aliiandikisha. Frida, binti wa mradi, alishamfuata mara mbili akimwomba arekodi onyo jipya. "Mama, watu hawapokei. Wanaogopa." Wataachaje kuogopa? Hapa marehemu akikuita huitiki; ukiitika, umemfuata. Honorata alikataa katakata. Aibu ya sababu yake aliijua mwenyewe: alikuwa ameanza kuombea upepo uje, ili aisikie sauti ile.

Leo kaupata. Ziwa lilikuwa bado tuli, na alipoinua macho aliuona mtumbwi wa mdogo wake Onesmo ukitoka. Onesmo huyohuyo aliyeapa kwamba simu ya shemeji hataigusa.

Akampigia. Haipatikani, ameizima. Honorata alishuka ufukweni mbio, kanga ikimdondoka, akaita "Onesmo! Rudi!" mpaka koo likakauka. Mtumbwi ukazidi kuwa mdogo, na kabla jua halijazama upepo ukaja.

Walimwokota asubuhi, kalikumbatia dumu tupu la mafuta, midomo myeupe. Alikuwa anapumua. Honorata alimfunika blanketi, akalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Siku ya tatu alimwita Frida, akakubali kurekodi.

"Sauti hii ya mzee nikuhamishie kwenye simu yako, Mama?" Frida aliuliza. " Iwe kumbukumbu."

Alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu. Lakini alijijua: angeisikiliza kutwa, na wingu likitanda angefurahi.

"Futa," alisema. "Huko mtamboni na hapo kwako."

Frida akabonyeza, kisha akamsogezea kinasa sauti. Koo la Honorata lilikuwa bado linakwaruza.

"Ndugu zangu wa Bangwe, ni mimi Honorata. Upepo unakuja, msiingie ziwani. Pokeeni simu. Mimi niko hai."