Mwizi wa Vijiti

Tulinagwe alipoolewa Ihanda hakujua kuwasha moto wa kuni. Kwao Tunduma walipikia mkaa, na walizoea kuuwasha kwa kipande cha plastiki. Mama mkwe wake, Anastazia, hakutaka hata kuisikia hiyo plastiki. Alimpeleka kwenye matawi ya mibuni yaliyokatwa baada ya mavuno, akamwonyesha namna ya kuchagua vijiti vya kuwashia.

"Kivunje. Kikilia, kimekauka. Kikipinda, kiache juani."

Kazi hiyo ilimpendeza Tulinagwe kuliko alivyotegemea. Aliuliza maswali mpaka mama mkwe akachoka kujibu. Kwa nini ganda la mkaratusi lina moshi mwingi hivi? Mbona magunzi yanachelewa kushika, lakini yakishashika hayazimi? Akawa anajaribu mwenyewe kila asubuhi, hadi njiti moja ya kiberiti ikamtosha. Vijiti alivifunga mafungu kwa kamba za mgomba, akavipanga upenuni juu ya matofali ili visinyonye unyevu wa chini.

Halafu mafungu yakaanza kulegea. Kamba zilikuwa palepale, ila vijiti vilipungua.

"Ni Gwantwa," alisema Anastazia, akiitazama nyumba ya jirani yao, mjane aliyeishi peke yake. "Tangu mwezi wa nane sijamwona akienda kuokota kuni. Anapikia nini?"

Jumapili, baada ya ibada, Gwantwa alimnyooshea Anastazia mkono kumsalimu. Anastazia akapita kama hakumwona. Watu walikuwepo. Tulinagwe aliona aibu, akaupokea ule mkono yeye.

Njiani hakuweza kunyamaza. "Mama, mwizi gani anaacha kuni na magunzi, anabeba vijiti tu?"

"Anayetaka kuwasha moto."

"Akishauwasha, apikie nini?"

Anastazia aliongeza mwendo.

Kesho yake Tulinagwe alibaki nyumbani, akakaa jikoni karibu na dirisha la upande wa upenu, akichambua maharage. Jua lilikuwa limepanda alipotua ndege wa kahawia, mwenye kisogo kilichochongoka hata kichwa chake kikafanana na nyundo. Alikuwa fundichuma. Alichomoa kijiti, akakiacha. Akachomoa kingine, akakigeuza mdomoni, akaruka nacho.

Tulinagwe aliyaacha maharage, akamfuata mpaka mtoni. Kwenye panda ya mkuyu palikuwa na kiota chake, rundo la vijiti na matope, kubwa kama kihenge. Vingine alivitambua hata kwa mbali: ncha zake zilikatwa mshazari, kwa panga la mama mkwe.

Akarudi mbio kumwita. Anastazia alisimama chini ya mti, akaliangalia lile rundo. Ndege wa pili akaja na nyasi mdomoni.

"Tukibomoe?" Tulinagwe aliuliza.

"Nyumba ya fundichuma haibomolewi."

"Kwa nini?"

"Tuliambiwa hivyo. Mimi sikuuliza."

Walipopanda kurudi, Anastazia hakukata kona kwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kupiga hodi kwa Gwantwa, Tulinagwe nyuma yake.

"Gwantwa, nilikuwazia vibaya," alisema akiwa bado mlangoni. "Vijiti vyetu vilikuwa vinapotea, nikasema ni wewe. Kumbe ni ndege. Naomba unisamehe."

Gwantwa alimtazama. "Vijiti vya nini? Mwanangu alinitumia mtungi wa gesi mwezi wa nane. Ungeniuliza tu, ningekuonyesha."

"Sikuuliza."

"Na jana mkono wangu ulibaki hewani mbele ya kanisa zima."

Anastazia akanyoosha mikono yote miwili, akapiga goti kidogo, ingawa ndiye aliyekuwa mkubwa. Gwantwa alichelewa kuipokea. Alipoipokea, aliishika kwa nguvu.

"Ndege gani huyo?" akauliza.

Mchana huo Lusubilo, mume wa Tulinagwe, aliwatengenezea kichanja cha fito ndani, juu ya jiko, na vijiti vyote vikahamia huko, mahali ambapo joto la moto lenyewe lingevikausha. Kisha wale wanawake watatu wakateremka mtoni. Gwantwa aliuzunguka mkuyu akiwa ameinua shingo.

"Sasa wanaingilia wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Wakakaa kwenye majani, wakisubiri ndege arudi awaonyeshe mlango.