Usingizi wa Majaribio

Mume wangu ni mwoka mikate na mimi ni fundi cherehani. Yeye huenda kazini watu wakipiga miayo, hurudi watu wakipiga mswaki. Mimi naanza kushona yeye anapovuta shuka. Tumeishi hivyo tangu tuoane na hatujawahi kugombana sana, labda kwa kukosa nafasi. Mambo mazito tunayazungumzia mlangoni, mmoja anavaa viatu na mwingine anavivua, na hapo mlangoni ndipo tulipokubaliana kununua nyumba.

Kilichotuhamisha ni kelele. Nyuma ya nyumba tuliyopanga palikuwa na kiwanja kitupu, mtu akaanza kujenga ghorofa. Zege asubuhi, nondo mchana, na vibarua wanaoimba wakipandisha matofali. Mume wangu alikuwa akijifunika mto kichwani, anageuka huku na huku, kisha anaamka macho mekundu na kuniambia amelala vizuri. Nilimwamini mpaka siku aliporudi nyumbani shati lake halina mkono mmoja. Alikuwa amesinzia wima mbele ya mashine ya kukandia unga, mashine ikadaka mkono wa shati, na mwenzake ndiye aliyewahi kuizima. Alinisimulia huku anacheka. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nimelishika lile shati. Tangu siku hiyo, akichelewa kurudi hata kidogo, nasimama dirishani na siwezi kutunga uzi kwenye sindano.

Dalali wetu jina lake la kuzaliwa silijui. Watu wanamwita Bado Moja, kwa sababu kila anachouza kimebaki kimoja tu. Ni mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo, na tangu siku ya kwanza aliniita shemeji utadhani alikula karamu ya harusi yangu. Huyo ndiye aliyenipeleka kuiona ile nyumba.

Naomba nisifie kidogo. Vyumba viwili, jiko lenye dirisha, ua wa kuanikia nguo, na mbele kibaraza kipana kinachotazama barabara. Ng'ambo kulikuwa na saluni ya wanawake, na kwenye kona duka la nyuzi na vifungo. Watu walikuwa wakipita wengi, wanawake wakiwa na vitambaa mikononi. Mimi kwa sasa nashonea kwenye chumba cha nyuma, taa inawaka mchana kutwa, na mteja mpya akitaka kunipata lazima aulize njia nzima. Nikiwa nimesimama pale kibarazani nilishajua cherehani itakaa upande upi ili mwanga uniangukie mkono wa kushoto. Mwenye saluni akanipigia kelele kutoka kwake:

"Shoga, ndiyo wewe unayehamia? Nina gauni la kupunguza kiuno."

Nilirudi nyumbani naelea. Nikamwambia mume wangu mlangoni, nenda ukaone na wewe, ukipenda tununue. Akaenda, akapenda.

"Mtaa umetulia ule," aliniambia jioni moja akifunga kamba za viatu. "Nimepita siku kadhaa, hata mbwa habweki. Pale mtu analala usingizi wake wote."

"Umetulia?" nikamuuliza. "Mtaa gani huo?"

"Wa nyumba yetu, bibie. Kwani tunanunua mingapi?"

"Unapita saa ngapi?"

"Nikitoka kazini, alfajiri. Ningepita saa ngapi tena?"

Akaondoka. Mlango ulishafungwa ndipo akili iliponijia. Yeye alikuwa ameukagua mtaa kwa saa zake na mimi nimeukagua kwa saa zangu, kila mmoja akiwa macho. Hakuna aliyefikiria kwamba anayehitaji utulivu ni yeye, na anauhitaji mchana. Kelele nilizisikia mimi kwa masikio yangu haya, nikaziita wateja.

Nilimweleza aliporudi. Alisimama na kiatu kimoja mkononi, akacheka sana, akasema sisi wawili tungepewa nchi tungeiuza kwa bahati mbaya. Mimi sikucheka. Nilimwambia kabla ya kusaini chochote atakwenda kulala katika nyumba ile, mchana, kwenye siku ya kazi, nami nitamlinda.

Bado Moja alinitazama kana kwamba nimeomba kujaribu jeneza. "Shemeji, watu hufungua mabomba. Hugonga kuta. Wengine huleta fundi kuangalia nyufa. Wa kuja kulala ndiyo kwanza nawaona ninyi." Kisha akakumbusha kwamba mwenye nyumba anataka jibu siku hiyohiyo, kwamba kuna mtu mwingine anaitaka, na kwamba mwanasheria atatungojea alasiri. Nikamwambia vizuri, tutaenda kwa mwanasheria tukitoka kitandani.

Siku ilipofika mume wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, unga bado kwenye nyusi. Nilimtandikia mkeka chumba cha nyuma, nikampa mto wake mwenyewe, nikafunga dirisha. Bado Moja akaenda kunywa chai. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza, mikono mapajani, nikawa nasikiliza kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Mwanzoni ilikuwa shwari. Nikaanza kupiga hesabu za mapazia. Halafu jirani wa mkono wa kulia akafungua karakana yake, na kumbe ni fundi bati. Alikuwa anatengeneza sanduku. Nyundo ya kwanza ilinifanya niruke. Nilivumilia kidogo, nikainuka.

"Fundi, samahani sana," nilimwambia. "Ndani kuna mgonjwa amelala."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilikuwa limeshatoka. Fundi bati, mtu mzima mwenye heshima zake, aliweka nyundo chini papo hapo. "Pole, dada. Basi ngoja nipake rangi yale masanduku ya jana."

Nilikuwa sijaketi vizuri saluni ikawasha redio. Nikavuka barabara. Mwenye saluni alipunguza sauti bila kinyongo, akaniuliza mgonjwa ni nani na anaumwa nini, nikamwambia kichwa. Akaja muuza mitungi ya gesi anagonga mtungi kwa spana. Nikamkimbilia nikimpungia mikono. Ikaja pikipiki isiyo na kizuia kelele. Likaja gari la kutangaza mkutano, na lile sikuweza kulikimbilia, nilisimama tu nikafumba macho mpaka lipite. Kisha shule ikatoa watoto wa asubuhi, nami nikaenda katikati ya barabara nimetanua mikono, nawapitisha pembeni kama kuku, kidole mdomoni.

Katikati ya hayo mwanamke mmoja alinisimamisha. Alikuwa na kitambaa kizuri cha maua madogo, na alitaka kujua kama ni kweli nitashona hapa. Nilimwambia shh. Nikamwambia aje siku nyingine. Akaenda zake akigeuka kunitazama, na ndipo nilipojiona nilivyo. Mteja wangu wa kwanza wa kibaraza, na nimemfukuza ili mume wangu alale. Kesho nitamfukuza nani? Nitaishi hivi, mguu mmoja kwenye cherehani na mwingine barabarani, nikiwaomba watu wa watu wasifanye kazi zao? Jasho lilinitoka, na halikuwa la jua.

Mume wangu alitoka mwenyewe mchana umekwisha kukomaa. Alijinyoosha kupita kiasi, viungo vikalia.

"Nimelala fofofo," akasema. "Tukasaini."

Bado Moja, aliyekuwa amerudi na kijiti cha meno mdomoni, alipiga makofi. "Si niliwaambia? Mtaa huu mwenyewe ningeununua."

Nilimtazama mume wangu machoni. Yalikuwa mekundu, lakini yake yamekuwa mekundu kwa miezi, hayanipi habari tena. Nilitaka kumwamini. Nitasema wazi, niliitaka ile nyumba mpaka meno yalikuwa yananiuma. Tukatoka, Bado Moja mbele, sisi nyuma na mkeka wetu. Tulipopita kwenye karakana fundi bati akainua kichwa.

"Dada, mgonjwa anaendeleaje?"

Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, "Hajambo sasa, fundi. Asante kwa kutuwekea nyundo chini."

Habari za mgonjwa sikumwambia. Wala za nyundo. Tulitembea kidogo, mimi nikiwa nimeukumbatia mto wake kifuani.

"Hukulala," nikasema.

"Nililala."

"Nyundo ulizisikia ndotoni?"

Akauhamishia mkeka bega la pili. Halafu akasema taratibu, bila kunitazama, "Mke wangu, mimi nilikuona ulivyorudi siku ile ulipotoka kuiona nyumba. Sijakuona hivyo muda mrefu. Umeshonea gizani miaka yote hii ili mimi nilale, hata redio huwashi. Safari hii acha na mimi nikuvumilie. Nitazoea. Mtu huzoea."

"Na mashine itazoea?"

Akaongeza mwendo. Bado Moja alikuwa ametutangulia, anatuita kwa mkono, anaonyesha saa yake.

Ningeweza kugeuka pale pale. Sikugeuka. Maneno yake yalinishika pabaya, na nilipokuwa napanda ngazi za ofisi ya mwanasheria kichwa changu kilikuwa kinanunua vitu: pamba za masikioni, pazia zito, godoro la kuziba dirisha. Kila nilichonunua, shati lisilo na mkono lilikuja likakaa juu yake. Niliomba Mungu mtu mwingine aseme hapana badala yangu.

Mwanasheria alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mtaratibu mno. Alituketisha kwenye benchi mbele ya meza yake, dirisha wazi, magari yakipita chini. Alisoma mkataba wote, sauti moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwenye nyumba alikuwa amesharuhusu kwa simu. Bado Moja alikuwa anatikisa goti. Mume wangu alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akiitikia "ndiyo" kila mama alipopumzika, na mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye ile mikono yake yenye makovu ya oveni, nikiomba.

"Saini hapa, bwana," mwanasheria akasema.

Mume wangu akachukua kalamu. Akainama. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, taratibu, kwa mwandiko wake mzuri. Halafu kalamu ikaendelea. Mstari ukatoka kwenye herufi, ukashuka, ukavuka maneno yaliyochapwa, ukaenda mpaka ukingoni mwa karatasi, na kichwa chake kikashuka nao. Paji la uso likagusa meza. Magari yalikuwa yanapita, honi zinalia, naye akapumua mara moja kwa nguvu na kutulia.

Mwanasheria alivua miwani. "Anaumwa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Amelala."

Bado Moja akanyoosha mkono kumtikisa bega. Niliudaka. Sikujua nina nguvu hiyo.

"Mwache."

"Shemeji, ni saini moja tu imebaki."

"Mwache alale. Nyumba mpe yule mwingine."

"Shemeji, utajuta. Na kibaraza kile, na wateja wako wameshakujua..."

"Tutafutie mtaa usiopita mtu," nikamwambia. "Hata nyuma ya makaburi, bora kimya. Tutafutie huo."

"Na wewe utamshonea nani huko? Maiti?"

Aliuliza bila ubaya, alitaka kujua kweli. Machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua, na sikuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika Bado Moja na mwingine unachomoa kalamu kwenye vidole vya mume wangu, kidole kimoja baada ya kingine, nisimwamshe.

"Sijui," nikasema.

Bado Moja aliketi. Goti lake lilikuwa limetulia. Mwanasheria aliinuka, akazunguka meza kwa ncha za vidole, akafunga dirisha la upande wa barabara. Nikautelezesha mto chini ya shavu la mume wangu. Tukakaa wote watatu kimya, tukimngojea aamke.