Taa Zilizofunikwa Vyungu

Tangu asubuhi Mio alikuwa akirudia jambo lilelile: "Babu kasema jioni nimsindikize." Mara ya kwanza bibi yake, Chizu, alicheka. Mara ya pili kisu kilimsimama mkononi.

Hii ilikuwa Bon, sikukuu ya kuzikaribisha roho za wafu nyumbani, ya kwanza tangu mumewe Soichi afariki. Walimtundikia taa nyeupe ya karatasi barazani ili aione nyumba yake, wakamwekea kwenye meza ya marehemu farasi wa tango lililochomekwa vijiti vya miguu, wa kumleta upesi, na ng'ombe wa biringanya wa kumrudisha polepole. Jioni hii anaagwa. Mama yake Chizu alimfundisha kwamba marehemu mpya bado mgeni wa njia. Akiona mwanga nyuma yake hugeuka, na akigeuka haondoki peke yake.

Shida ilikuwa taa za Takuro. Mwana huyo wa Chizu, baba yake Mio, alikuwa amezipanga kwenye kibustani, kando ya mawe ya kukanyagia, kutoka barazani hadi mlango wa nyuma: vitaa vifupi vinavyoshiba jua mchana na kuwaka vyenyewe giza likiingia, mtu akipita.

"Zizime," Chizu alimwambia.

"Hazina swichi, mama. Nilizichagua hivyo usije ukajikwaa."

"Basi zing'oe."

"Baba alijikwaa humo miaka yote. Leo hatimaye ataona njia, nawe unamnyima?"

"Usimtanie mtu anayesikia."

Takuro akaenda getini kuandaa moto wa kumuaga baba yake. Chizu akakusanya vyungu vitupu vya maua, akafunika taa moja baada ya nyingine.

Jua lilipozama wakawasha mabua ya katani getini. Chizu akaunganisha viganja. "Nenda salama, baba Takuro. Usigeuke." Kisha akaingia ndani akaizima taa nyeupe. Nyumba yote ikawa giza.

"Mio?"



"Si yuko nawe?" Takuro aliuliza kutoka getini.

"Nilidhani yuko nawe."

Chizu akapapasa meza ya marehemu. Farasi wa tango alikuwepo. Ng'ombe hayupo.

Akatoka barazani. Bustani ilikuwa nyeusi kabisa, na nyuma ya ukuta maji ya mfereji wa mashamba ya mpunga yalikuwa yakinguruma. Ndipo kule mwisho, katikati ya majani, ikawaka taa moja aliyosahau kuifunika. Chini yake aliona miguu miwili midogo, peku, ikivuka mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Taa ikazimika.

Chizu alikimbia gizani. Alikipiga teke chungu, kikavunjika, mwanga ukaruka. Akapiga kingine. Kwa mwanga huo akamwona Mio amechuchumaa kwenye ukingo wa mfereji, ameinama, biringanya mkononi, akiyanyooshea maji. Akamdaka kwa mshipi wa kimono.

"Bibi, mmemsahau ng'ombe wake," mtoto alisema. "Babu ataendaje?"

Chizu alimnyang'anya biringanya, akalitupa majini. "Ameshampata. Mwambie kwaheri kutoka hapa hapa."

Takuro alifunga mlango wa nyuma kwa komeo, kisha akaondoa vyungu vyote bila kuambiwa. Wakakaa barazani, Mio mapajani mwa bibi yake, taa zikiwaka mbele yao, halafu zikizimika moja moja kwa kuwa hakuna aliyetikisika.

"Na akigeuka?" Takuro alinong'ona. Safari hii hakuwa anatania.

"Atanikuta macho. Huyu simpi."

Kule mwisho, kwenye mlango uliofungwa, taa ikawaka, na chini yake hapakuwa na mtu.

Chizu alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Hakuna aliyesema ni paka.