Bega la Zedekiah

Phoebe alikuwa akitandika magazeti ya jana jikoni kwa tajiri wake, mtaa wa Spring Valley, apigie viatu rangi juu yake, ndipo akaona ile picha. Gazeti lilisema wafungwa wamechora maisha yao, na michoro inaonyeshwa mjini. Katika mmoja, wanaume wamelala ubavu sakafuni, wamebanana. Mmoja tu ameketi dirishani, amewapa wengine mgongo, bega lake la kushoto limeshuka.

Bega lile alilijua. Mumewe Zedekiah alilivunja kwenye kazi ya mjengo, likaunga vibaya. Alikuwa rumande mwaka wa nne, kesi ikiahirishwa kila mara.

Akaomba ruhusa, akaenda mjini kwa miguu.

Ukumbini michoro ilikuwa juu ya magunia, imepakwa masizi na rangi ya viatu. Ilionyesha majengo ya gereza, yaliyojengwa na mkoloni, yalivyo: kuta zinazotoka maji, ndoo moja kwa watu hamsini. Mchoraji wa gunia lenye yule wa dirishani, mfungwa aitwaye Wambua, aliketi kando akilindwa na askari wawili. Phoebe akamuuliza kama yule wa dirishani ni Zedekiah.

Wambua aliwatazama askari kwanza. "Mama, wewe ni nani yake?"

"Bibi yake."

"Pole, mama. Alienda mwezi wa tatu. Ni kifua. Alikuwa anashindwa kulala, ndiyo nikamchora ameketi. Tulidhani walikuambia."

Mwezi wa nne Phoebe alikuwa amefika langoni pa gereza, karani akamwambia mtu wake amehamishwa. Wa tano akatakiwa alete barua ya chifu. Wa sita akaileta. Walipokea barua, wakapokea na sabuni aliyomletea.

"Walimzika wapi?"

"Hiyo hatuambiwi."

Askari mmoja akamkanya Wambua, naye akainamisha kichwa.

Wakati huo mgeni wa heshima akaingia na wapiga picha. Alisifu vipaji, akasema gereza sasa ni shule. Alipofika kwenye lile gunia, akamkuta Phoebe amesimama mbele yake.

"Mama, songa kidogo," askari akamnong'oneza. "Mheshimiwa anataka kuona."

"Hata mimi naona."

Hakusonga. Aliweka kiganja juu ya lile bega, na masizi yakamshika vidoleni. Mheshimiwa akatazama saa yake, akapita kwenda mchoro uliofuata, na wapiga picha wakamfuata. Ndipo askari wakamshika Phoebe viwiko.