Tairi la Ndani

Jumamosi ya tarehe nne Julai, mwaka tisini na mbili, mke wangu Dorkas alipanda lori la alizeti mnadani Issuna, akaniambia nisisahau kuingiza mbuzi. Mbuzi niliwaingiza. Yeye hakurudi.

Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya Ikungi, lori likalala ubavu, magunia yakamfunika. Kazi ya Mungu, walisema. Mungu hauzi matairi. Nilikwenda nikayaona mwenyewe. Nyuma hukaa mawili mawili, moja nje na moja ndani. La ndani lilikuwa limekwisha upepo zamani, limesagika mbavu, na lile la nje likabeba mzigo wote hadi likashindwa. Yote mawili yalikuwa vipara vilivyochongwa kashata, yaani yale meno ya tairi, upya kwa kisu cha moto, mfano wa mzee aliyechorewa nywele kwa masizi.

Lori hilo lilikuwa la ushirika. Wakubwa walipotangaza biashara huria, likaangukia mikononi mwa Damiani, mtunza ghala wa ushirika huo huo. Liliuzwa katika kikao gani, sisi wakulima hatukuambiwa. Wala siusifu ushirika. Matairi mapya yalikuwa yakiingia ghalani kwa mlango wa mbele na kutoka kwa wa nyuma. Baada ya ajali Damiani alilinyoosha, akalipaka buluu, akaandika kipajini: TUMETOKA MBALI.

Tangu hapo kila mnada nilikwenda na fimbo yangu ya mpingo kugonga matairi. Wakaniita Bwana Ukaguzi. Sikujali.

Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, nesi wa zahanati alimpapasa binti yangu Ritha tumbo, akakunja uso. Mtoto amekaa vibaya, afike hospitali ya Singida leo hii. Gari la siku hiyo lilikuwa moja tu. La buluu.

"Shikamoo mzee," dereva Sixbert alinisalimu, akiona fimbo.

"Marahaba. Shuka unionyeshe matairi."

"Ah, Bwana Ukaguzi! Leo unasafiri au unatafuta kesi?"

Walio juu ya magunia walicheka. Askari wa barabarani, aliyekuwa akinywa soda ya Damiani kivulini, alikuja akalipiga teke tairi la nje. "Safi," akasema, akarudi kwenye soda yake.

Niligonga. Kashata zilikuwa nzito, sauti ikajibu kwa ukali kama ngoma iliyoota moto. Nikagonga upande wa pili. Vile vile. Damiani alikuja akijifuta jasho.

"Mzee, hii soko huria. Hulitaki, usipande. Kuna anayekulazimisha?"

Nilimtazama Ritha. Alikuwa ameshika bodi la lori kwa mikono miwili, midomo imekauka.

"Baba," alisema taratibu, "unatafuta gari zima, au unatafuta la kuwashinda hawa?"

Nilitaka kumkaripia, ila alikuwa amenijua. Kweli, kila fimbo ilipolia vizuri nilikuwa nikiudhika. Nilikuwa naomba liwe bovu. Niwaonyeshe wote, askari na soda yake, Damiani na rangi yake, wale wa juu wanaotangaza mambo kwenye redio wakiwa wamekaa vitini. Na mwanangu amesimama hapo na mtoto aliyekaa vibaya. Nikaiegemeza fimbo kwenye gurudumu, nikamshika mkono nimpandishe mbele, kando ya dereva.

Mguu wake ulikuwa tayari kwenye kidaraja Sixbert alipotabasamu, kwa nia njema kabisa nadhani.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Jua lenyewe hili unaliona. Yale ya nyuma nimeyapunguza upepo kidogo, yasije yakapasuka."

Dereva wa siku ya ajali alisema maneno hayo hayo, kumbe tairi lenye upepo pungufu ndilo huchemka hadi likapasuka. Walionusurika walinisimulia msibani, wakimsifu kwa uangalifu wake.

Sikumwachia Ritha mkono; nilimshusha, nikarudi naye kwenye matairi ya nyuma. Fimbo haifiki kati ya matairi mawili. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikaingiza mkono hadi begani, vidole vikagusa matope makavu na kitu chenye joto, laini kuliko nilivyotaka. Au ni joto lililonidanganya vidole.

"La nje nimelisikia," nilisema kutoka chini. "La ndani, nani amelitazama?"

Konda wa lori, aliyekuwa juu ya magunia, alimtazama Sixbert. Sixbert akamtazama Damiani. Damiani akageuza shingo kule kivulini, kwa askari, naye askari alikuwa akichungulia ndani ya chupa yake.

"Nauliza tena. La ndani, nani amelitazama?"