Tyyne Inavuja, Leteni Ndoo

Jumatatu jioni waliizamisha Tyyne kwa makusudi, wakanawa mikono, kila mtu akaenda kwake na moyo mweupe.

Mashua ya mbao iliyolala ghalani majira yote ya baridi hukauka, mbao zikasinyaa na kuachana. Ukiishusha ziwani hivyo hivyo, maji yanaingia kila upande kama wageni wa arusi. Dawa yake ni kuijaza mawe na kuiacha izame kandokando ya gati, inywe maji kwa siku kadhaa mpaka mbao zivimbe na kukumbatiana. Baada ya hapo unatoa mawe, unafua maji, yaani unayachota na kuyamwaga nje, na chombo kinakaa kikavu mpaka majani yapukutike.

Sointu ndiye aliyeondoka wa mwisho. Barafu ilikuwa imeyeyuka majuma machache tu nyuma, na maji yalikuwa maangavu. Aliitazama mashua ile ndefu imelala chini, ncha zake mbili tu zikichungulia juu, akaona kama bibi kizee aliyejinyoosha kwenye birika la kuogea. Akaiaga kwa sauti, kisha akageuka haraka kuona kama kuna mtu aliyemsikia.

Alikuwa amehamia Haukiniemi miaka miwili nyuma, mara tu baada ya kuhitimu chuo, kufanya kazi maktabani. Haukiniemi ni mahali ambapo jirani akikusalimu mara mbili ndani ya juma moja, unaanza kujiuliza anataka nini. Watu si wabaya hata kidogo. Theluji ikizidi, utakuta njia yako imeshazolewa, wala hutajua ni nani aliyeizoa. Lakini kupata mtu wa kuketi naye lilikuwa jambo jingine, na Sointu alimaliza mwaka wake wa kwanza akizungumza zaidi na vitabu.

Kisha kiangazi kilichopita wakampakia kwenye Tyyne kuziba nafasi ya mtu aliyeumwa mgongo. Ilikuwa mashua ya kanisa, ya aina ile ambayo zamani ilibeba kijiji kizima kwenda ibadani ng'ambo ya ziwa: viti kumi na vinne vya wapiga makasia, na mmoja wa kushika usukani. Humo huwezi kwenda kivyako. Ukiharakisha, unamgonga wa mbele yako mgongoni. Ukichelewa, unagongwa wewe. Baada ya muda kidogo watu wote walikuwa wanavuta pumzi pamoja, na yeye ndani yao. Walipotua, hakuna aliyemsifu. Mtu mmoja alimpa kipande cha soseji ya kuchoma bila kumwuliza kama anataka. Sointu alitembea hadi nyumbani akilia kwa furaha, soseji mkononi.

Na sasa mashua hiyo ilikuwa karibu kuwatoka. Wapiga makasia walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka, na hoteli moja ya ng'ambo ilikuwa imeomba ipewe chombo kile, ikikate katikati na kukisimamisha ukumbini kiwe meza ya kupangia saladi. Mwenyekiti wa klabu ya mashua, Mzee Kauko, hakuwa mtu mbaya, ila alichukia kitu kinacholala bure. Kwenye mkutano wa majira ya baridi alitoa neno lake. Siku ya kushusha mashua, Tyyne itoke na viti vyake vyote vikiwa na watu, iende kisiwa cha Koivusaari na kurudi. Ikifanya hivyo, itabaki. Isipofanya, Jumatatu yake gari la hoteli litakuja.

"Mashua ya watu kumi na wanne ambayo haina watu kumi na wanne ni kuni tu," alisema, na hakukuwa na aliyembishia.

Basi Sointu akafanya kampeni. Mwezi mzima wa msaragambo, uliomalizika Jumatatu ile, hakukosa hata siku moja. Aliparua ukungu kwenye matumbo ya mashua za watu, akapaka rangi nyekundu mpaka nyusi zikageuka, akasaidia kunyoosha gati lililopindwa na barafu, akagawa kahawa na maandazi ya iliki. Na kila aliyemwona ameshika kikombe alimwendea na tangazo lake alilolichora mwenyewe, lenye maua pembeni: karibuni tupige makasia pamoja, furaha kwa wote.

Watu walilisoma hadi mwisho, wakalikunja kwa heshima, wakasema, "Tutaona."

Neno hilo kule kwao laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana, na mara nyingi ni ombi la upole kwamba usimame mbali kidogo. Hata Mama Lempi, mwalimu mstaafu ambaye mgongo wake Sointu aliutazama kiangazi kizima kutoka kiti cha nyuma, alisema bega lake limekwisha, kasia halishiki tena, asimharibie mtu nafasi. Kufikia Alhamisi Sointu alikuwa na watu wanane, na wa nane ni yeye mwenyewe.

Ijumaa baada ya kazi alipita gatini kuitazama Tyyne, akakuta maji matupu.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba hoteli imekuja mapema. Alizunguka ghala mbio, na huko nyuma, mahali penye jua na upepo, akaiona. Ilikuwa imepinduliwa juu ya magogo kwa ustadi mkubwa. Mawe yamepangwa pembeni kwa ukubwa. Ndani imekaushwa kwa taulo, na taulo zenyewe zimeanikwa kwenye kamba. Alipoinama na kuingiza kichwa chini yake, aliona jua likipenya kati ya mbao, mistari mirefu ya dhahabu kutoka mbele hadi nyuma. Ilipendeza sana, na ilikuwa maafa.

Kumjua aliyefanya hakukuchukua muda. Alikuwa Jalmari, mwanachama mpya kutoka mjini, mwenye mashua ya plastiki na injini yake. Jumanne asubuhi aliona chombo cha watu kimezama. Angeweza kumpigia mtu simu, lakini kuwasumbua watu kazini kwa habari mbaya aliona ni utovu wa adabu. Akaazima trekta, akahangaika kutwa nzima peke yake ndani ya maji baridi yaliyomfika kifuani, akaiokoa. Wala hakumwambia yeyote, maana kujisifu ni aibu. Na nani angeweka kibao cha kusema mashua hii imezamishwa? Haukiniemi nzima inajua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atapona nini.

Sointu alimkuta akipangusa kioo cha mashua yake. Alikuwa ameyapanga maneno makali njiani, tena yalikuwa mazuri. Lakini Jalmari aliposikia mashua ile ilizamishwa kwa nini, alikaa chini palepale kwenye changarawe, mtu mzima wa miaka hamsini, akashika kichwa.

"Nilidhani hamna mtu anayeijali," alisema.

Maneno yote makali yakamwishia Sointu mdomoni. Akajikuta anamwambia huyo aliyemharibia kwamba taulo zake ni safi sana.

Waliirudisha majini jioni ile ile, lakini siku ya kushusha mashua ilikuwa kesho yake, na usiku mmoja ni mchache kwa mbao zilizoanikwa siku tatu. Sointu alimpigia Mzee Kauko kuomba juma moja zaidi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia anamhurumia, ila makubaliano ni makubaliano, na hoteli imeshakodi gari.

Kabla ya kulala alichukua simu kuwaandikia wanachama wote. Hakuwa na moyo wa kuchora ua wala wa kutaja furaha. Aliandika hivi: Tyyne inavuja vibaya. Kesho lazima iende Koivusaari na kurudi. Wanahitajika watu wa kufua maji. Leteni ndoo.

Simu ikaanza kulia kabla hajaiweka chini. Mmoja ana ndoo mbili. Mwingine ana sufuria ya kupikia kamba wa ziwani, je, itafaa? Wa tatu anauliza saa ngapi, mbona hakuambiwa mapema. Mtu ambaye Sointu hakuwahi kumsikia akisema lolote zaidi ya "tutaona" aliandika maneno mawili, "Nipo. Mabuti?"

Asubuhi winchi ilikuwa inashusha mashua moja baada ya nyingine, supu ya dengu za kijani inachemka, bendera imepandishwa. Na gatini walikuwa wamesimama watu na vyombo vyao, kama foleni ya maji siku ya ukame, ila hapa ziwa lote lilikuwa mbele yao. Walikuwa zaidi ya viti. Mama Lempi alikuwa wa mbele kabisa, na kopo la maziwa.

"Mama, si ulisema bega?" Sointu akamwuliza.

"Bega la kasia ndilo bovu. La kufulia maji ni hili jingine."

"Mwezi mzima nimewabembeleza jamani. Na maua nikachora."

Mama Lempi alimtazama kwa huruma ile ya mwalimu kwa mtoto anayekaribia jibu. "Mwanangu, ulituita kwenye furaha. Sasa mtu mzima ataacha kazi zake aende kufurahi, watu wakimwona? Ungesema tu kuna shida."

Jalmari alikuwa amejibanza ndani ya gari lake. Sointu alimwendea, akamgongea kioo, akamwambia kuna nafasi. Jalmari akasema watu watamcheka. Sointu akakubali kwamba watamcheka sana, kisha akamfungulia mlango. Alishuka na pampu ya umeme mikononi, mpya kabisa, lakini Mama Lempi hakuiruhusu ipite gatini.

"Irudishe hiyo. Ikifanya kazi hiyo pampu, sisi tutafanya nini?"

Wakavaa majaketi ya kuokolea, wakapanga zamu. Wenye mabega mazima wakashika makasia, wengine wakachuchumaa miguuni mwao na ndoo. Mzee Kauko mwenyewe alishika usukani, kwa sababu alitaka kuhakikisha makubaliano kwa macho yake, na akaamuru wafuate ukingo wa ziwa, mahali ambapo mtu akianguka anasimama.

Maji yaliingia tangu hatua ya kwanza. Yaliingia kwa adabu mwanzoni, kisha bila adabu. Wapiga makasia walivuta, wafuaji wakamwaga, na kwa muda kila kundi lilikuwa na mwendo wake, ndoo zikigonga viwiko na maji yakirudi kwenye mapaja ya watu. Jalmari alimwagiwa zaidi ya wote, na haikuwa bahati mbaya kila mara. Mmoja alimwuliza kama ameleta taulo. Alijibu kwamba ziko kwenye kamba, wamsubiri akalete, na mashua nzima ikatikisika kwa kicheko.

Karibu na nusu ya njia maji yalifika vifundoni. Mzee Kauko alitazama chini, akatazama gati nyuma, na Sointu, aliyekuwa kwenye kasia la kwanza karibu na usukani, uso kwa uso naye, alijua anapima kama wageuke. Kiti kimoja kikibaki wazi, au wakirudi kabla ya kisiwa, yamekwisha.

"Mzee, tukigeuka sasa, maji ni yaleyale," alimwambia taratibu. "Tofauti ni Jumatatu."

Mzee Kauko aliubana usukani chini ya kwapa, akamimina kahawa iliyobaki kwenye kikombe chake cha bati, akainama, akaanza kufua kwa kikombe.

"Mwenyekiti mzima," Mama Lempi akasema, "kikombe?"

"Ndoo zimekwisha. Wewe fua kwa kopo lako huko, mwalimu."

Ndipo mtu fulani akaanza kuhesabu kwa sauti ili makasia na ndoo viende pamoja: vuta, mwaga, vuta, mwaga. Sointu alisikia pumzi za watu zikikusanyika, safari hii si za wapiga makasia tu. Mbele yake na nyuma yake, juu ya viti na chini ya viti, mashua yote ilipumua kwa pua moja.

Koivusaari waliigusa kwa ncha ya mashua, wakabadilishana zamu bila kushuka, wakageuza. Waliporudi, Tyyne ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na waliokuwa gatini waliacha winchi wakaja kushika kamba. Kila kiti kilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa ameloa mpaka kwenye soksi. Waliokuwa wa mwisho kushuka walishuka, na mashua ikakaa pale ikinywa maji polepole, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitoa.

Sointu alisubiri. Mzee Kauko alikamua kofia yake, akamimina maji kutoka kwenye buti moja, kisha la pili. Alimwita Jalmari. Jalmari akaja ameinamisha kichwa.

"Yale mawe uliyapanga kwa ukubwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Yarudishe ndani leo. Huyu binti atakuonyesha yanavyokaa." Kisha akamgeukia Sointu, akamtazama kama mtu anayelalamika kuhusu hali ya hewa. "Na mwakani muizamishe mapema. Siku tano hazitoshi mashua ya umri huu."

Akaenda zake kutafuta supu, buti zake zikilia kwa kila hatua. Sointu alibaki gatini, amekumbatia kasia. Jalmari akamwuliza kwa sauti ya chini kama hiyo maana yake ni ndiyo.

"Shika jiwe," Sointu akamwambia, kisha yeye mwenyewe akaingia majini wa kwanza.